Ngazi ya mupira si ya kuuzishwa: tunakataa Super Ligi yenye mulango wa kufungwa

Vijana wenzetu wa Lubumbashi, Likasi, Kolwezi, Kindu, Bukavu, Goma, na ninyi wote wenye kusoma hii kwa simu na mega za kukopa,

Mubishano haujaisha. Kila mara neno Super Ligi linarudi, wasapota wanagawanyika mara mbili. Kuko wenye wanasema: «Ekipe kubwa zicheze kati yao, feza ikuje, Mazembe ipande, mwenye wivu ajinyonge.» Kuko wengine wanauliza: «Na sisi wenye ekipe ndogo tutaenda wapi?» Wanabishana ndani ya bus, kwa kinyozi, kwa nganda, kwenye magrupu ya WhatsApp mpaka saa sita ya usiku. Wengine wanatukanana, na kesho wanaanza tena.

Tumesikiliza pande zote mbili. Leo tunatoa musimamo wetu. Ligi yenye ekipe inaingia juu ya jina yake na feza yake, hapana juu ya kushinda, si ligi. Ni karamu ya wakubwa. Hatutaipigia makofi, hata kama ekipe yetu imepewa kiti kwenye meza.

Ile wazo ilitangazwa hapa kwetu

Wengi wamesahau. Mwezi wa 11 mwaka 2019, TP Mazembe ilikuwa inafanya sikukuu ya miaka 80, na Gianni Infantino, rais wa FIFA, alikuja Lubumbashi. Ni hapa, katika muji wetu, njo alieleza wazo yake: kuchukua ekipe 20 bora za Afrika na kuzichezesha katika ligi yao. Ekipe gani? Zenye kuwa na uwezo wa kuweka angalau milioni 20 za dolare kila mwaka, kwa muda wa miaka 5. Watu walipiga makofi.

Munielewe vizuri: milioni 20 za dolare, kila mwaka. Mutuonyeshe ekipe ngapi za Kongo zenye kuwa na hata robo ya ile feza. Sisi tunajua ekipe za Linafoot zenye zinakosa nauli ya ndege ya kuenda kucheza muji mwingine, na wachezaji wao wanamaliza miezi bila mushahara. Kwa hiyo, siku ile ile wazo ilitangazwa, karibu ekipe zote za inchi hii zilikuwa zimeshawekwa inje. Hakuna mwenye alizishinda uwanjani. Zilishindwa na hesabu ya banki.

Mwezi wa 8 mwaka 2022, kule Arusha, rais wa CAF Patrice Motsepe akatangaza kwamba ligi inaanza mwaka wenye kufuata. Ekipe 24. Feza ya zawadi milioni 100 za dolare. Bingwa peke yake milioni 11 na nusu. Wasapota wa Mazembe tukaanza kuhesabu: kwa ile feza tutanunua nani, tutabakisha nani.

Kiisha mwezi wa 10 mwaka 2023 ikaanza, na jina ingine: African Football League. Ekipe 24 zikakuwa 8. Milioni 11 na nusu za bingwa zikakuwa milioni 4, na CAF ilikuwa imeshapandisha zawadi ya bingwa wa Ligi ya Mabingwa mpaka pale pale. Mashindano yote yakamalizika kwa wiki tatu na kidogo. Mamelodi Sundowns wakashinda Wydad kwenye fainali, wakabeba kombe, kila mutu akarudi kwao. Mwaka 2024 haikuchezwa.

Hatusemi hii juu ya kucheka. Tunaisema juu kila mara wanatuambia tuvumilie ngazi ivunjwe sababu feza kubwa iko njiani.

Nani alichaguliwa, na nani aliachwa

Hapa tunaomba wasapota wa Mazembe watusikilize bila hasira. Wengi kati yetu ni watoto wa Mazembe. Tulikuwa watoto wadogo wakati Mazembe ilipiga Internacional ya Brazil 2-0 kule Abu Dhabi mwaka 2010, na tunakumbuka namna muji mzima ulitoka barabarani. Hatuna adui kule Kamalondo.

Lakini tuseme ukweli. Sezoni ya 2022-2023, Mazembe ilikuwa kwenye Kombe ya Konfederasyo, kundi moja na Young Africans ya Dar es Salaam, wenye watu wanaita Yanga. Yanga ilitupiga kule kwao 3-1. Kiisha ikakuja hapa kwetu na ikatupiga tena 1-0. Mazembe ikatoka kwenye makundi. Yanga ikaendelea mpaka fainali, na kwao ilikuwa bingwa wa inchi.

Miezi michache kisha, ile African Football League ikaanza. Kwenye zile ekipe 8, Mazembe ilikuwamo. Yanga haikuwamo. Tanzania iliwakilishwa na Simba, ekipe kubwa ya kweli, yenye pointi nyingi kwenye hesabu ya CAF ya miaka ya nyuma. Hatuna neno na Simba. Lakini mueleze mutoto wa Dar es Salaam mwenye kuona ekipe yake imepiga Mazembe mara mbili, imefika fainali ya Afrika, imebeba shampiona ya inchi yake, na siku ya karamu anaambiwa: wewe bakia inje, jina yako haiko kwenye liste.

Na ile fainali, nani aliibeba? USM Alger. Kiisha, mwezi wa 9 mwaka ule ule, USM Alger ikapiga Al Ahly 1-0 ikabeba na Super Kombe ya CAF. Makombe mawili ya Afrika kwa mwaka mumoja! Ile mwezi wenye kufuata, ligi ya wakubwa ikaanza, na hakukuwa hata ekipe moja ya Algeria.

Basi kushinda inasaidia nini? Hilo njo swali letu. Kama unaweza kushinda na kuachwa, na unaweza kushindwa na kuitwa, mpira unakuwa kitu ingine. Na leo ni sisi wenye kuitwa. Kesho watatafuta ekipe yenye kuwa na televizyo kubwa zaidi, muji wenye watalii zaidi, na watatutoa kwa njia ile ile walituingiza. Mwenye kuingia kwa kuchaguliwa anatoka kwa kuchaguliwa.

Sisi tunaijua ile mulango

Tuko wengi wenye kuwa na diploma ya iniversite ndani ya nyumba, ndani ya plastiki juu isilowane. Tunajua namna gani mutu anafungiwa mulango bila kuambiwa kwamba umefungwa. Wanatangaza kazi. Tunapiga fotokopi, tunalipa, tunapeleka dosie, tunafanya mutihani. Kiisha tunasikia majina ilikuwa imeshaandikwa mbele ya mutihani. Hakuna mwenye alituambia hatujui kazi. Waliuliza tu: «Uko mutoto wa nani?»

Katika hii maisha, uwanja wa mupira ulibakia kati ya nafasi chache zenye ile swali haina nguvu. Ukifunga bao, umefunga. Mutoto wa Katuba anaweza kupiga mutoto wa waziri, na mwamuzi anaandika bao kwenye karatasi. Tunajua waamuzi wanahongwa, tunajua pointi zinapotea kwa ofisi. Lakini hata mwizi wa mechi anaibaka kwa kujificha, sababu anajua sheria inasema mwenye kushinda anapanda. Super Ligi inataka kuandika kinyume ya ile sheria, mchana, na kuiita maendeleo.

Wanatujibu hivi, na sisi tunawajibu

*«Mazembe ilijenga, inastahili.»* Ndiyo, ilijenga. Lakini ilijenga namna gani? Ilibeba kombe ya Afrika mwaka 1967 na 1968, bado inaitwa Englebert. Ikaibeba tena 2009, 2010 na 2015. Ni kwa kushinda 2010 njo ilipata kuenda Abu Dhabi na kuwa ekipe ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe ya Dunia ya klabu. Hakuna mwaka hata mumoja kati ya hii wenye waliitwa juu ya jina. Walipanda ngazi, mguu moja moja. Kama mwaka 1967 kungekuwa klabu ya wakubwa wenye kuchaguana, tunaamini ekipe ya Lubumbashi ingekuwamo? Mwenye alipanda kwa ngazi asikubali kuikata nyuma yake.

*«Feza itashuka mpaka kwa wadogo.»* Tunaisikia hii toka zamani, hata kwa migodi. Tunaishi juu ya shaba na kobalti, tunaona makamio inapita usiku na mchana kuelekea Kasumbalesa, na maji ya robinet haifiki. Feza haishukaki peke yake. Inashuka kama kuko sheria yenye kuishusha, na mutu wa kuichunga. Mutuonyeshe ile sheria ndani ya Super Ligi: asilimia ngapi kwa Linafoot, asilimia ngapi kwa ekipe za watoto, asilimia ngapi kwa mupira wa wamama. Kama haijaandikwa, haiko.

*«Hata leo ngazi ni ya uongo, Al Ahly inashinda kila mara.»* Hii ni neno ya nguvu, na hatuikimbie. Kweli, Al Ahly imebeba Ligi ya Mabingwa mara 12. Kweli, ekipe za Kaskazini ziko na feza zenye hatutaziona. Lakini muangalie Kindu. Muji wenye barabara inakufa kila mvua, wenye bidhaa inafika kwa mato ao kwa ndege. Ekipe ya kule, Maniema Union, ilicheza makundi ya Ligi ya Mabingwa sezoni ya 2024-2025, kundi moja na Mamelodi Sundowns, Raja Casablanca na AS FAR. Hakuna mwenye aliwaalika. Waliingia sababu sheria inasema mwenye kumaliza juu katika inchi yake anaenda. Ni vigumu kupanda ile ngazi, ndiyo. Lakini Kindu iliipanda. Katika ligi ya milioni 20 kwa mwaka, Kindu haiko hata kwenye karta.

*«Ninyi ni wasapota wa Lupopo munajificha.»* Kuko na wa Lupopo kati yetu, na tunawapenda hivyo hivyo. Tena muwafikirie: derby ya Lubumbashi itakuwa nini kama moja iko kwenye ligi ya mbinguni na ingine imebakia chini milele? Ekipe inakuwa kubwa juu kuko jirani yenye inataka kuiangusha. Muondoe Lupopo, muondoe V.Club, na Mazembe itakuwa kubwa mbele ya nani?

Wenye kulipa njo wenye kusema

Kuko kitu kingine. Ile African Football League ya 2023, mechi ya Mazembe ya «nyumbani» na Espérance ya Tunis haikuchezwa Lubumbashi. Ilichezwa Dar es Salaam. Mazembe ikashinda 1-0, na wasapota wake wakaangalia kwa tele, wale wenye SNEL haikukata kura. Kule Tunis wakatupiga tatu. Hiyo njo ligi yenye wanasema ni yetu.

Na nani alikuwa kati ya walipaji wa yale mashindano? Visit Rwanda. Wakati ripoti za wataalamu wa ONU zilikuwa zimeshaonyesha kwamba jeshi la Rwanda linasaidia M23, na ndugu zetu wa Rutshuru na Masisi wanalala ndani ya mahema pembeni ya Goma, wachezaji wa Kongo waliambiwa wabebe ile tangazo kwenye jezi. Mazembe ilikataa. Tunasema aksanti, na tutaikumbuka. Lakini muelewe somo: ukiingia ligi yenye inauzishwa, hauchague mwenye kuinunua. Siku ile walikataa. Siku moja watasoma mukataba vizuri na wataambiwa: vaa ao lipa.

Kule Ulaya walielewa hii mbio kuliko sisi. Tarehe 18 mwezi wa 4 mwaka 2021, ekipe 12 zikatangaza Super Ligi yao: 6 za Uingereza, 3 za Hispania, 3 za Italia. Wenye kuanzisha wangekuwa 15, na hawangetoka kamwe, hata wakimaliza wa mwisho. Wageni 5 tu wangeingia kila sezoni. Siku mbili kisha, wasapota wa Chelsea walikuwa barabarani mbele ya uwanja wa Stamford Bridge wakizuia bus ya ekipe yao wenyewe. Hawakuwa wasapota wa ekipe ndogo. Walikuwa wa ekipe yenye ingefaidika! Na zile 6 za Uingereza zote zikakimbia usiku ule. Wanangu wa Chelsea, wa Arsenal, wa Liverpool, ninyi wenye kuvaa zile jezi kila siku ya mungu: muige na ile.

Na sasa neno lenye kuuma zaidi. Mwaka 2025 serikali yetu ilitia sahihi mikataba na AS Monaco, AC Milan na FC Barcelona juu ya kutangaza inchi. Kwa Barcelona peke yake, magazeti yalitaja zaidi ya milioni 40 za euro kwa sezoni 4, na «R.D. Congo, Cœur d'Afrique» imeandikwa kwenye mugongo wa jezi za mazoezi. Milan na Barcelona zilikuwa kati ya zile ekipe 12 za 2021. Wakati wengine walikimbia kwa aibu, Barcelona ilibakia upande wa Super Ligi miaka na miaka.

Muhesabu wenyewe. Mutu wa soko wa Kenya na Zambia analipa takse, motari analipa takse, na ile feza inaenda kusaidia wakubwa wa Ulaya wenye walitaka kufunga mulango kwa wadogo. Na Linafoot inakosa nauli. Hatuna chuki na Barcelona. Tunauliza tu: jina ya Kongo itapendeza namna gani kwenye mugongo wa watu wengine, kama uwanja wa kwetu hauna majani?

Kwa hiyo tunaomba, na tutafuatilia

1. CAF iseme wazi: mashindano yoyote ya ekipe za Afrika, mutu aingie kwa matokeo ya sezoni ile, katika inchi yake. Hakuna kiti ya kudumu. Hakuna kiti ya kuuzishwa.

2. FECOFA isitie sahihi mupango wowote wa Super Ligi bila kuonyesha karatasi kwa watu: feza ngapi, inatoka kwa nani, ngapi inarudi kwa Linafoot, kwa ekipe za watoto na za wamama.

3. Serikali itoe mikataba ya Monaco, Milan na Barcelona tuisome, yote, mpaka ukurasa wa mwisho. Na kwa kila euro yenye inaenda inje, tuambiwe ngapi inaenda kwa uwanja na nauli ya ekipe za hapa.

4. Ekipe kubwa za inchi hii, Mazembe ya kwanza, ziwape wasapota nafasi ya kupiga kura mbele ya kuingia ligi mupya. Kule Ujerumani sheria ya 50+1 inaacha kura nyingi kwa wanachama wa klabu, na Bayern na Dortmund hazikuingia kwenye ile Super Ligi ya 2021. Moïse Katumbi anaongoza Mazembe toka 1997, na alifanya mengi. Lakini ekipe ya miaka zaidi ya 80 haiwezi kuamua kesho yake ndani ya ofisi ya mutu mumoja, hata akiwa muzuri namna gani.

5. Na ninyi wasapota: siku ile neno litarudi, na litarudi, musikubali kununuliwa na hesabu ya «tutapata ngapi». Muulize kwanza: «Nani anaingia, na kwa njia gani?» Muandike ile swali kwenye bendera, muipandishe pale Kamalondo, pale Kibasa Maliba, pale Stade des Martyrs. Wa Mazembe na wa Lupopo pamoja, kwa dakika 5 tu. Kiisha murudie kutukanana kama kawaida.

Sisi hatuna kazi, hatuna ofisi, hatuna mutu wa kutupigia simu kule juu. Lakini siku ya mupira tuko na haki ya kusema: tushinde, tupande; tushindwe, tushuke. Ile haki haijatoka kwa mukubwa hata mumoja, na hakuna mukubwa mwenye ataiuzisha tukiwa tunaangalia.

Mulango ubakie wazi. Mwenye kushinda apite.